HIDROIDI: "JANI" LA BAHARINI LINALOCHOMA

Wapo wanyama ambao ukiwatazama kwa mara ya kwanza hutakubali kwamba ni wanyama. Hawana macho, hawana miguu wala mapezi, hawahami mahali walipojishikiza, na umbo lao ni kama la unyoya wa ndege au kitawi cha mti. Mmoja wao ni hidroidi. Akina mama wanaolima mwani, wavuvi wa pweza, wazamiaji, vijana wanaosafisha nyavu na mashua, na hata watu wanaofuga samaki wa mapambo katika matangi ya kioo yenye maji ya chumvi, wote hukutana naye. Wengi huchomwa wasijue ni nani aliyewachoma. Husema ni chumvi, au ni upele tu, wakajikuna, wakajipaka chochote kilicho karibu, na kidonda kidogo kikawa kikubwa.

Mpenzi msomaji, mwezi huu tunaeleza hidroidi ni nani, tumtambueje, tufanye nini akituchoma, na tumpunguze kwa njia gani mahali anapotusumbua. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: hidroidi si jani, ni mnyama mwenye silaha. Anayemchukulia kama jani atamng'oa kwa mkono, atamkwangua, atasugua mahali alipochomwa. Yote matatu humzidishia taabu.

HIDROIDI NI NANI?

Hidroidi ni wa ukoo mmoja na yavuyavu, ambaye wengine humwita konyeza au kiwavi wa bahari. Wataalamu wamekwisha kutaja aina zaidi ya 3,000 za wanyama wa kundi lake. Yule unayemwona kama unyoya mmoja kwa kweli ni jamii nzima. Kila kinundu kidogo katika vitawi vyake ni mnyama mdogo mwenye mdomo na minyiri, yaani mikono membamba ya kunasia chakula. Wote wameunganishwa kwa mirija, hata chakula anachopata mmoja huwafikia wenzake. Chini, jamii hiyo hujishikiza kwa nyuzi zinazotambaa juu ya jiwe, kamba au ubao, mfano wa mizizi ya ukoka.

Swali la kwamba viumbe hawa ni mimea au wanyama ni la zamani. Mwaka 1740 Abraham Trembley, mzaliwa wa Geneva aliyekuwa mwalimu wa watoto huko Uholanzi, aliokota katika maji baridi ndugu mdogo wa hidroidi anayeitwa hydra. Hakujua kama ni mmea au mnyama. Akamkata vipande viwili ili aone. Vipande vyote viwili vikaishi, na kila kimoja kikakua kuwa kiumbe kamili. Lakini Trembley aliona pia kwamba kiumbe yule hutembea polepole, hukamata vijidudu na kuvimeza. Alikuwa mnyama. Alitangaza matokeo yake katika kitabu mwaka 1744. Hydra wa maji baridi hamdhuru mtu. Lakini tabia yake ya kuota upya kutoka katika kipande tutaikuta tena hapa chini, kwa maana hidroidi wa baharini anayo.

ANACHOMAJE?

Katika minyiri ya hidroidi zimo seli za pekee. Ndani ya kila seli kuna kijifuko chenye uzi uliokunjwa, kama kamba ndani ya ndoo, nao una ncha kali na sumu. Kitu kikigusa seli hiyo, kijifuko hufunguka, uzi huchomoka kwa nguvu na kudunga. Katika hydra wataalamu wamepima kitendo hicho wakaona kwamba hutimia chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Hakuna mtu awezaye kuuwahisha mkono wake.

Yafaa kukumbuka mambo mawili. Kwanza, si vijifuko vyote hufunguka kwa mguso wa kwanza. Vingi hubaki vizima juu ya ngozi, vikingoja kusuguliwa au kubadilishiwa maji. Pili, kijifuko hakihitaji amri ya mnyama ili kifunguke. Kipande kilichokatika, hata kilichokauka juu ya kamba au wavu, huweza bado kuchoma.

KUMTAMBUA BAHARINI

Hidroidi hupenda mahali penye mkondo wa maji, kwa sababu mkondo ndio unaomletea chakula. Mtafute kwenye kingo za miamba, chini ya mawe yaliyoinama, kwenye nguzo za magati, minyororo ya maboya, kamba za mwani, nyavu zilizokaa majini siku nyingi, na matumbo ya mashua.

Katika bahari zetu za joto ziangalie hasa aina tatu.

Ya kwanza ni hidroidi wa unyoya. Shina lake ni jembamba, gumu kidogo, la rangi ya kahawia au nyeusi, na vitawi vyake vimepangwa pande mbili kama unyoya, mara nyingi vyeupe nchani. Mmoja anayejulikana kwa kuchoma vikali, kwa jina la kitaalamu Macrorhynchia philippina, huonekana kama kichaka cha manyoya meupe. Mwani wa kweli huwa laini na wenye utelezi, nao huwa na rangi yake moja, ya kijani, nyekundu au kahawia. Ukiona "jani" lenye shina jeusi na vitawi vyeupe, usiliguse.

Ya pili ni tumbawe linalochoma, Millepora. Wazamiaji wengi hulihesabu kuwa tumbawe la kawaida, maana lina mifupa migumu ya chokaa. Lakini kwa ukoo liko karibu na hidroidi. Rangi yake ni ya haradali au kahawia hafifu, na ncha zake ni nyeupe. Uso wake ni laini, hauna vishimo vikubwa vyenye umbo la nyota kama vya matumbawe mengine. Ukilitazama kwa makini utaona vinywele vyembamba sana vimetokeza.

Ya tatu haikushikamana na jiwe, bali huelea. Ni Physalia, mwenye kibofu cha rangi ya buluu kinachosukumwa na upepo, na minyiri mirefu inayoning'inia chini yake. Watu humwita yavuyavu, lakini naye ni jamii ya vinyama vilivyoungana, wa kundi la hidroidi. Upepo ukivuma kuelekea pwani huletwa ufukoni. Watoto hupenda kuchezea kibofu chake. Wakatazwe, hata kama ameonekana amekufa mchangani.

KUMTAMBUA KATIKA TANGI LA KIOO

Kufuga samaki na matumbawe katika tangi la maji ya chumvi ni desturi iliyoenea Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba, na baadhi ya samaki hao hutoka katika pwani yetu. Kenya kwa mfano imewauza nje samaki wa mapambo kwa miongo mingi. Hivyo wapo watu wetu wanaoshika mawe na matumbawe hai kila siku, ama kwa kazi ya kuvua na kufungasha, ama kwa kutunza matangi ya hoteli na ya nyumba za watu.

Hidroidi huingia katika tangi akiwa amejificha juu ya jiwe au tumbawe jipya. Mwanzoni huonekana kama utando wa nyuzi nyembamba, au vishina vifupi vyenye kichwa kama ua dogo. Baada ya majuma machache huwa zulia. Huchoma matumbawe jirani hata yakajikunja na kufa kingo zake, na hunyang'anya samaki wadogo chakula. Wafugaji wa farasi wa bahari humwogopa kuliko wadudu wengi, kwa kuwa vitoto vya farasi hao ni vidogo sana na hufa vikichomwa.

Watu wengi humchanganya na minyoo ya baharini inayoishi ndani ya vijibomba na kutoa taji la manyoya. Kuna njia rahisi ya kuwapambanua. Pitisha kivuli cha mkono juu ya kioo au tikisa maji kidogo. Mnyoo atajirudisha ndani ya kijibomba mara moja. Hidroidi atabaki wazi, au atajikunja polepole tu. Kioo cha kukuzia kitakuonyesha zaidi: minyiri myembamba iliyopangwa kuzunguka mdomo, na nyuzi zinazotambaa kutoka shina moja hadi jingine.

MTU ALIYECHOMWA HUONA NINI?

Kwa hidroidi wa unyoya, maumivu ya kwanza huweza kuwa kama ya upupu au moto mdogo, na mtu akaendelea na kazi. Baada ya dakika chache, pengine saa chache, ngozi huwa nyekundu, huvimba kwa mistari au madoa, na kuwasha sana. Baadhi ya watu hutokwa na vipele au malengelenge siku hiyo au kesho yake. Kwa tumbawe linalochoma, maumivu huwa makali zaidi, na mara nyingi huambatana na mchubuko, kwa sababu mifupa yake ni kama msasa. Dalili hizi hupungua kwa kawaida katika siku chache, ingawa mwasho huweza kudumu wiki moja au mbili, na alama nyeusi ikakaa zaidi ya hapo.

Kwa watu wengi, basi, hidroidi haui. Hatari iko katika mambo matatu: jicho, kidonda kinachooza, na mzio mkali. Tutayarudia.

HUDUMA YA KWANZA

Mtu akichomwa, fanyeni hivi kwa utaratibu.

1. Mtoeni majini. Mtu mwenye maumivu ya ghafula huweza kushtuka na kuzama, na huko ndiko ajali kubwa inakotokea.

2. Suuzeni mahali palipochomwa kwa maji ya bahari, mengi, kwa kumimina. Msisugue. Msitumie maji ya kisima au ya bomba kwa hatua hii. Maji yasiyo na chumvi huvifungua vijifuko vilivyobaki, na maumivu huongezeka.

3. Ondoeni vipande vinavyoonekana kwa kibano, au kwa vidole vilivyovikwa glavu au mfuko wa nailoni. Msifute kwa mchanga wala kwa kanga.

4. Vipande vyote vikisha kutoka, tumieni joto. Chovyeni mkono au mguu katika maji ya moto ya kuvumilika, yasiyopita nyuzi 45 za Selsiasi, kwa dakika 20 au zaidi. Yaweza kuwa maji ya bahari yaliyopashwa. Mtu ambaye hakuumia ayapime kwanza kwa mkono wake, maana aliyeumia huweza kuungua bila kusikia. Kwa mtoto mwe waangalifu zaidi. Katika utafiti uliofanywa Australia na kutangazwa mwaka 2006, watu waliochomwa na Physalia walitibiwa ama kwa maji ya moto ama kwa barafu. Baada ya dakika 20, asilimia 87 ya waliotumia maji ya moto walisema maumivu yamepungua, na kwa barafu ilikuwa asilimia 33.

5. Baadaye osheni mchubuko kwa sabuni na maji safi, kisha uacheni ukauke. Kwa maumivu parasetamoli inatosha. Kwa mwasho, vidonge vya mzio kama setirizini husaidia, na krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 hupakwa mahali ambapo ngozi haikuchanika. Mama mjamzito, anayenyonyesha, na mtoto mdogo waulize kwanza zahanati.

Na siki je? Wengi wamesikia kwamba siki ni dawa ya viumbe wote wa baharini wanaochoma. Si kweli kwa wote. Siki inashauriwa kwa yavuyavu wa sanduku, yule mwenye mwili wa pembe nne ambaye aina zake nyingine huua. Kwa Physalia wataalamu wenyewe hawakubaliani. Viumbe hawa wanatofautiana, na kinachofunga vijifuko vya mmoja huweza kufungua vya mwingine. Kama hukumwona aliyekuchoma, maji ya bahari ndiyo salama ya kwanza.

Kuhusu mkojo, spiriti, mafuta ya taa, limau na tumbaku, jibu ni fupi: msivitumie. Vingine hufungua vijifuko, vingine huunguza ngozi ambayo tayari imejeruhiwa. Wala msifunge bendeji ya kukaza, kwa sababu nayo hukamua sumu iliyobaki.

WAKATI WA KUKIMBILIA HOSPITALI

Mwaka 1901 wanasayansi wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, walisafiri katika meli ya Albert wa Kwanza, mtawala wa Monaco, wakichunguza sumu ya Physalia. Waliporudi Paris waliendelea na uchunguzi kwa sumu ya mnyama mwingine wa ukoo huo. Walitaraji kwamba mbwa aliyepewa sumu kidogo mara ya kwanza angeizoea. Ikawa kinyume. Mbwa waliopata kipimo kidogo mara ya pili, baada ya majuma kadhaa, walishikwa na shida ya kupumua na kufa katika muda mfupi. Mwaka 1902 hali hiyo wakaipa jina la anafilaksia, yaani mzio mkali wa ghafula. Richet alipata tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1913.

Basi mtu asijivunie kwamba amechomwa mara nyingi na "amezoea". Mwili huweza kuzoea, na huweza pia kugeuka. Mpelekeni hospitali mara moja, bila kungoja asubuhi, mtu mwenye mojawapo ya dalili hizi: anapumua kwa shida au kwa mluzi, uso, midomo au koo vimevimba, ametokwa na vipele mwili mzima, anatapika mfululizo, amezirai au amelegea, au kifua kinambana. Hospitalini dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini. Vidonge vya mzio peke yake havitoshi.

Mwenye kuchomwa jichoni asipikiche. Amiminiwe maji safi mengi kwa dakika 15, jicho likiwa wazi, kisha apelekwe kwa daktari. Hapa maji yasiyo na chumvi yanakubalika, maana jicho halistahimili maji machafu ya pwani.

Mwende zahanati pia kama eneo lililochomwa ni kubwa, kama aliyechomwa ni mtoto mdogo, au kama baada ya siku mbili kidonda kinazidi kuwa chekundu, kina joto, kinatoa usaha, au mtu ana homa. Wenye kisukari au ugonjwa wa ini wasingoje hizo siku mbili, kwa kuwa baadhi ya bakteria wa maji ya chumvi huwashambulia kwa kasi. Kila aliyechubuka na tumbawe aulize kama chanjo yake ya pepopunda bado inamkinga.

KUMPUNGUZA KWENYE KAMBA NA NYAVU

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika pwani ya mashariki, na tangu hapo wanawake ndio wengi katika kazi hiyo. Utafiti juu ya afya yao uliotangazwa mwaka 2012 ulitaja uchovu, maumivu ya viungo, matatizo ya macho na ya kupumua, mizio, na majeraha ya wanyama wa baharini na makombe makali. Mama huyu hukaa majini saa nyingi wakati wa bamvua, mara nyingi bila viatu vya maana, mikono mitupu ikifunga na kufungua vikamba. Kwake mkono uliovimba ni siku kadhaa bila kipato.

Wakulima wa samaki aina ya samoni huko Norway wamejifunza jambo linalotufaa. Hidroidi hufunika nyavu za vizimba vyao. Wakiziosha kwa mashine ndani ya maji, nyuzi zinazotambaa hubaki zimeshika wavu na kuota upya katika siku chache. Vipande vinavyokatika navyo huelea na kuchoma mashavu ya samaki. Trembley aliona hayo hayo katika karne ya 18: kukata si kuua.

Kwa hiyo kamba na wavu vitolewe majini kabisa, vianikwe juani siku kadhaa mpaka vikauke, kisha ndipo vipigwe na kusafishwa. Anayevipiga avae glavu, afunike macho, na asimame upande upepo unakotoka, ili vumbi la vipande vikavu lisimrudie usoni. Ukiwa na kamba za akiba za kupokezana, kazi haitasimama. Mashua nayo ipandishwe nchi kavu kabla ya kukwanguliwa.

KUMPUNGUZA KATIKA TANGI

Mfugaji ana faida moja: anaweza kuzuia mlangoni. Jiwe au tumbawe jipya likae peke yake katika chombo kingine kwa majuma manne hadi sita, likitazamwa kwa kioo cha kukuzia, kabla ya kuingia katika tangi kubwa.

Akiwa amekwisha kuingia na bado ni kidogo, litoe jiwe lake nje. Kata kipande chenye hidroidi, au kifunike chote kwa gundi ngumu ya epoksi, na kupita kidogo kingo zake ili nyuzi zisipate njia. Usimkwangue akiwa ndani ya tangi. Utamsambaza kila pembe.

Punguza chakula cha chembechembe, hasa vitoto vya uduvi na unga wa chakula, kwa maana ndicho hidroidi anachokula. Ongeza uchujaji wa maji. Kwa aina nyingi hilo huwadhoofisha. Yupo hata hivyo mmoja wa rangi ya kahawia, Myrionema, mwenye vijimea ndani ya mwili wake vinavyomtengenezea chakula kwa mwanga. Huyo hafi kwa njaa upesi.

Dawa iitwayo fenbendazoli, ambayo wafugaji wa ng'ombe na mbuzi wanaijua kama dawa ya minyoo, huua hidroidi. Wafugaji wa farasi wa bahari huitumia katika matangi ya vitoto. Lakini huua pia minyoo yenye faida, hudhuru konokono na matumbawe laini, na hukaa katika mawe kwa muda mrefu. Haifai kumiminwa katika tangi lenye matumbawe. Shaba nayo huua viumbe wengi wasio na uti wa mgongo, wabaya na wema pamoja.

Sasa onyo kubwa, ambalo mfugaji asilisahau. Usichemshe jiwe la tangi ili kuua wadudu, wala usilisugue kwa maji ya moto au mashine ya mvuke. Juu ya mawe hayo mara nyingi huishi zoantidi, wanyama wengine wanaofanana na maua madogo, na baadhi yao wana palitoksini, mojawapo ya sumu kali kuliko zote zitokazo kwa viumbe. Mvuke huichukua mpaka mapafuni. Huko Alaska watu waliugua kwa namna hiyo majumbani na madukani kati ya mwaka 2012 na 2014. Mwaka 2018, huko Steventon nchini Uingereza, familia ililazwa hospitali baada ya kusafisha tangi lao. Dalili ni kikohozi, homa, kifua kubana, maumivu ya misuli na ladha ya chuma mdomoni. Mwenye dalili hizo atoke nje penye hewa, aende hospitali, na amwambie daktari waziwazi kwamba alikuwa akisafisha tangi la matumbawe. Bila neno hilo daktari atadhani ni mafua au homa ya mapafu.

Jiwe usilolitaka lifunge ndani ya mfuko na kulitupa pamoja na taka. Usilirudishe baharini, wala maji yake. Kiumbe kilichotoka mbali huweza kuota mahali pasipo pake.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Vaa viatu vya raba vilivyofunika kidole hadi kifundo, si kandambili. Vaa suruali na fulana ya mikono mirefu yenye kubana, hata nguo nyepesi huzuia minyiri mingi. Vaa glavu unapofunga kamba, kuchokoa pweza au kutia mkono katika tangi. Usishike mwamba kwa mkono mtupu unapozamia. Ukitoka majini, suuza nguo kwa maji ya bahari kabla ya kuzivua, usije ukasugua vipande ngozini. Usijifute uso kwa mkono uliokuwa kwenye kamba.

Vikundi vya wakulima wa mwani na wavuvi vinaweza kuweka pamoja mfuko mdogo wa huduma ya kwanza: kibano, glavu, parasetamoli, vidonge vya mzio, sabuni, na chupa ya chai ya kutunzia maji ya moto. Gharama yake ikigawanywa kwa wanachama ni ndogo. Mwenye dau au simu ya kuaminika ajulikane mapema, ili siku mtu akipata mzio mkali kusiwe na kuulizana nani atampeleka.

Waonyesheni watoto wenu hidroidi alivyo, kwa kidole na kwa mbali, maji yakipwa. Mtoto akimjua mapema hatamchuma kama ua.